Istilahi za Usimamizi wa Kanzidata: Tahakiki ya Mswada Mmoja

Miongoni mwa miswada iliyoletwa mezani petu kwa ajili ya kukaguliwa lugha, umo mmoja ambao tumeona yafaa tuuzungumzie hadharani, ijapokuwa hatutamtaja mwandishi wake wala wale waliomtuma. Ni mwongozo wa Kiswahili wa kuwafundisha mafundi namna ya kusakinisha, kusanidi na kuendesha PostgreSQL, yaani programu ya kutunza kanzidata, katika kompyuta zinazotumia mfumo wa Linux. Nia yake ni njema, na kazi aliyojitwika mwandishi si ndogo. Kwa muda mrefu imekuwa ikisemwa kwamba Kiswahili chatosha kumfundisha mtoto hesabu za darasa la kwanza, lakini hakiwezi kumwelekeza fundi aliyeketi mbele ya mtambo. Mwandishi huyu hakubishana na wasemao hivyo; aliketi akaandika. Kwa hilo twampongeza bila kinyongo.

Walakini hatukupewa mswada huu ili tuupongeze. Istilahi ya sarufi ikikosewa, hasara yake kubwa ni mjadala kati ya walimu. Istilahi ya uendeshaji ikikosewa, mtu husoma, mkono wake hutenda, na pengine kilichotendwa hakirudi. Kwa sababu hiyo tumeyapima maneno ya mswada huu kwa kujiuliza jambo moja tu: fundi aliye peke yake zamu ya usiku, asiye na wa kumwuliza, akilisoma neno hili atafanya nini? Yako maneno mengi humo yanayopita kipimo hiki vizuri, kama vile kusakinisha, saraka, jedwali, nywila na nakala. Hayo hatutayarudia. Tutayazungumzia yasiyopita.

Tuanze na lile lililotushtua zaidi, nalo ni 'ombwe'. Mtu anapobadili taarifa katika jedwali la PostgreSQL, toleo la zamani la mstari ule halifutwi papo hapo. Huachwa palepale, na toleo jipya huandikwa mahali pengine, ili wale waliokwisha kuanza kusoma waendelee kuiona hali waliyoikuta. Matoleo hayo yaliyokufa hulundikana siku hata siku. Iko amri ya kuyaondoa, nayo huitwa VACUUM. Tena iko kazi ijiendeshayo yenyewe kwa madhumuni hayo hayo. Mwandishi alifungua kamusi ya fizikia, akakuta kwamba neno hilo la Kiingereza limekwisha kufasiriwa kuwa ombwe, akaridhika, akamwagiza fundi afanye ombwe katika jedwali kila juma.

Ombwe ni nafasi isiyo na kitu ndani yake. Fundi anayeagizwa kufanya ombwe katika jedwali la wagonjwa au la mishahara ataelewa, na kwa Kiswahili fasaha kabisa, kwamba anaamrishwa alimalize jedwali lote lisibaki na kitu. Akiwa na busara hatathubutu. Atauruka ukurasa huo, na pengine ataizima hata ile kazi ijiendeshayo, akiamini kwamba ameokoa mali ya watu. Kumbe ndipo madhara yaanzapo. Majedwali hufura kwa mistari iliyokufa, maswali yaliyokuwa yakijibiwa mara moja huanza kusuasua, na diski hujaa. Isitoshe, kila muamala unaobadili data hupewa namba ya biti 32, na namba hizo huzunguka kama mishale ya saa, hata baada ya miamala ipatayo bilioni 2 seva haiwezi tena kutofautisha kilichopita na kijacho. Kazi hii ya usafi ndiyo inayoitia alama mistari ya kale ili isipotee katika mzunguko huo. Kweli, hata kazi ijiendeshayo ikizimwa, seva huilazimisha namba zinapokaribia kwisha. Lakini nayo ikizuiliwa isimalize, seva hutoa maonyo na mwishowe hukataa kupokea mabadiliko yoyote mapya.

Kosa limetoka wapi? Limetoka katika kuyafasiri maandishi ya neno badala ya kazi yake. Waingereza na Wamarekani hapa hawakuwa na fizikia akilini, bali mashine ya kufyonza vumbi kwenye zulia. Sisi hatukosi kitenzi cha kazi hiyo: ni kufagia. 'Fagia jedwali' ni maneno ambayo hayamtishi mtu wala hayamdanganyi, kwa maana hakuna asiyejua kwamba mwenye kufagia hutoa taka na kuacha vyombo. Liko pia umbo la pili la amri hiyo, VACUUM FULL, ambalo huliandika jedwali zima upya mahali pengine na kulifunga kabisa, asiingie msomaji wala mwandishi mpaka kazi iishe. Tena huhitaji nafasi ya ziada ya diski. Mswada unaliita 'ombwe kamili', jina ambalo lingemfaa mshairi wa maombolezo. Sisi twapendekeza 'kufagia kwa kuhamisha', ili fundi ajue tangu mwanzo kwamba vyombo vitatolewa nje na mlango utafungwa, wala asiifanye kazi hiyo saa nne asubuhi watu wakiwa kazini.

Neno la pili ni 'kumbukumbu', na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu wenye Kiingereza wenyewe walikwisha kuumia kwa neno hili. Mswada unalitumia kwa mambo matatu. Kwanza ni ile sehemu ya kompyuta inayoshika data wakati mashine inapofanya kazi, ambayo PostgreSQL hutengewa fungu lake, nalo lisiposemwa vinginevyo ni megabaiti 128. Pili ni mafaili ambamo seva huandika habari za mwenendo wake: nani aliingia, kosa gani lilitokea na saa ngapi. Tatu ni yale mafaili ambayo kila badiliko la data huandikwa humo kwanza, kabla halijaandikwa katika majedwali yenyewe, ili umeme ukikatika seva iweze kuyasoma tena na kurudisha yote yaliyokuwa yamekamilika.

Tofauti kati ya la pili na la tatu ni kubwa mno. Mafaili ya habari yakifutwa, fundi atakosa tu kujua yaliyopita. Yale ya mabadiliko yakifutwa, kanzidata yaweza isiamke tena. Katika Kiingereza yote mawili huitwa 'log', na mpaka toleo la 9.6 saraka ya mabadiliko iliitwa pg_xlog. Ikawa kwamba wasimamizi ambao diski zao zimejaa walitafuta cha kufuta, wakaona saraka iliyosheheni mafaili ya megabaiti 16 kila moja, wakasoma mle ndani ya jina silabi waliyozoea kuihesabu kuwa takataka, wakafuta. Mkasa huo ulijirudia hata wajenzi wa PostgreSQL, katika toleo la 10 la mwaka 2017, wakaamua kulibadili jina lenyewe: pg_xlog ikawa pg_wal, na saraka nyingine yenye hatari kama hiyo, pg_clog, ikawa pg_xact. Mabadiliko hayo yalivunja programu saidizi nyingi zilizotegemea majina ya zamani, nao walijua hivyo. Waliona ni afadhali kuzivunja programu kuliko kuendelea kupoteza data za watu kwa ajili ya silabi moja.

Sasa mswada wetu, ambao umeandikwa baada ya funzo hilo, unakirudisha kisu mikononi mwa mtoto. Katika sura ya matengenezo unamwambia fundi kwamba diski ikijaa, kumbukumbu za zamani zaweza kufutwa. Zipi? Msomaji hawezi kujua, maana kurasa chache nyuma pg_wal imefafanuliwa kuwa saraka ya kumbukumbu.

Mapendekezo yetu ni haya. 'Kumbukumbu' ibaki kwa ile sehemu ya mashine, ambako imekwisha kukaa na kuzoeleka. Kwa mafaili ya habari tutumie 'batli', neno la mabaharia wetu la kumbukumbu za safari ya chombo. Neno hili lina haki maalumu hapa, kwa kuwa hata 'log' ya Kiingereza ilitoka baharini: ilikuwa gogo la kweli, lililofungwa kamba yenye mafundo na kutupwa nyuma ya merikebu ili kupima mwendo, na vipimo vikaandikwa katika kitabu kilichochukua jina la gogo. Kwa mafaili ya mabadiliko twapendekeza 'daftari tangulizi'. Mwenye duka anayetunza hesabu anajua kwamba mauzo huandikwa kwanza katika daftari la siku, ndipo yakapelekwa kwenye leja. Na leja ikilowa maji, huandikwa upya kutoka katika daftari. Seva hufanya vivyo hivyo. Hatudhani kwamba yuko fundi atakayefuta daftari ili apate nafasi ya leja.

Jambo la tatu si kosa la neno moja bali la kutojua ni wapi tafsiri yapaswa kukoma. Seva ya PostgreSQL ina faili liitwalo pg_hba.conf, ambalo ndilo bawabu wake. Katika kila mstari wa faili hilo huandikwa ni nani aruhusiwe, aingie kanzidata ipi, akitokea wapi, na athibitishwe kwa njia gani. Njia hizo zina majina maalumu, na mojawapo ni 'peer', ambayo maana yake ni kwamba seva huiuliza Linux yenyewe jina la mtumiaji aliye upande wa pili, kisha hulilinganisha na jina analoombea kuingia. Mwandishi amelitafsiri kuwa 'rika'. Tulicheka, tukakiri kwamba kamusi haikumdanganya, kisha tukaacha kucheka tulipoona kwamba katika mfano wa faili lenyewe ameandika rika mahali pa neno la asili.

Majina hayo si Kiingereza tena. Ni alama ambazo mashine inazitambua kama zilivyo. Fundi akiliandika faili hilo kwa kufuata mswada, kisha akaiagiza seva isome upya mipangilio, seva itaandika kosa katika batli na kuendelea kutumia kanuni za zamani kana kwamba hakuna kilichotokea. Fundi ataona watu wanaingia kama kawaida, atafunga mlango na kwenda zake. Miezi mitatu baadaye umeme utakatika, mashine itaamka, na seva itakataa kuanza kwa sababu ya mstari ule aliokwisha kuusahau.

Kosa la namna hiyo lina pacha wake. Njia iitwayo 'trust' humkubali kila ajaye kwa jina atakalolitaja, asiulizwe nywila. Mswada unaieleza kuwa 'njia ya uaminifu'. Ni mwanafunzi gani, akipewa orodha ya njia za kulinda mali, ataiacha njia ya uaminifu? Maelezo ya Kiswahili yalipaswa kusema waziwazi 'kuingia bila kuulizwa'. Kanuni tunayopendekeza kwa miongozo yote ya aina hii ni kwamba kinachochapwa kwenye mashine kibaki kama kilivyo, kwa herufi zake, na Kiswahili kifanye kazi ya kukieleza pembeni.

Neno 'hifadhi' limetwishwa mzigo usiolingana na nguvu zake. Kwa mwandishi huyu kanzidata ni hifadhidata, diski ni hifadhi, kutunza nakala ni kuhifadhi, na kukamilisha muamala pia ni kuhifadhi, hata imetokea sentensi inayomtaka fundi ahifadhi hifadhidata kwenye hifadhi. Tunajua kwamba hifadhidata na kanzidata zote zimo katika matumizi, na wako wenzetu wanaoipenda ya kwanza kwa kuwa inajieleza. Sisi tunaegemea kanzidata. Kanzi ni hazina, ni neno lililokuwa limelala bila kazi, na kwa kulitumia tunakipunguzia kitenzi cha kuhifadhi mzigo mmoja. Kwa nakala zinazowekwa ili kuepuka maafa twaona 'nakala ya akiba' inatosha. Hata hivyo mswada ungefanya vema kuonya kwamba kuyanakili mafaili ya saraka ya data kwa mkono wakati seva inafanya kazi si akiba, maana yatanakiliwa nusu yakiwa ya zamani na nusu mapya. Ziko programu za kazi hiyo, kama pg_dump na pg_basebackup, nazo mswada umezieleza vizuri katika sura nyingine.

Kuhusu kukamilisha muamala, mwandishi ameandika 'shughuli' mahali ambapo wananchi wenyewe wamekwisha kutupatia neno. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, muamala limekuwa neno la sokoni. Mtu anayetuma shilingi 50,000 anajua kwamba ama zimetoka kwake na kufika kwa mwenziwe, ama hazikutoka kabisa. Hakuna hali ya katikati. Hiyo ndiyo maana hasa inayotakiwa. Basi muamala 'hukamilishwa' au 'hutanguliwa', kwa kitenzi kile kile cha kutangua mkataba, na jambo lililotanguliwa huhesabiwa kana kwamba halikufanyika. 'Kurudisha nyuma', kama alivyoandika yeye, ni kwa gari.

Neno 'seva' tunalikubali, lakini litumike kwa programu inayosubiri kuhudumia, ambayo kwa kawaida PostgreSQL huisikiliza katika mlango namba 5432. Kompyuta yenyewe iitwe mashine. Mswada unaposema 'zima seva' msomaji wa kawaida atanyosha mkono kwenye swichi. Vivyo hivyo 'anza upya' imetumiwa kwa vitendo viwili. Kubadili idadi ya miunganisho inayoruhusiwa, ambayo isipobadilishwa ni 100, kunahitaji seva izimwe na kuanzishwa tena, na walio ndani wote watakatwa. Kubadili kanuni za bawabu hakuhitaji hivyo. Seva husoma tu faili upya, na hakuna anayesumbuliwa. Tuseme 'anzisha upya' kwa cha kwanza na 'soma upya' kwa cha pili. 'Safu' nayo imetumiwa kwa mistari ya kulala na ya kusimama pia. Hilo ni la kurekebishwa kwa kalamu.

Sasa tuje kwenye jina la fani. Mswada unaiita 'kanzidata ya mahusiano', na unaeleza kwamba imeitwa hivyo kwa sababu majedwali yake yanahusiana. Maelezo haya yameenea, hata katika vitabu vya Kiingereza, lakini si sahihi. Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California, alipoitoa nadharia yake mwaka 1970, alilichukua neno hilo kutoka hisabati, ambako uhusiano ni seti ya mifuatano ya vitu inayofuata muundo mmoja. Jedwali lenyewe, hata likiwa pweke lisilofungamana na jingine lolote, ndilo uhusiano. Zaidi ya hayo, 'mahusiano' katika mazungumzo ya leo yana harufu ya mambo ya watu wawili, na walimu watapata tabu darasani. Twapendekeza 'kanzidata ya majedwali'. Tunajua kwamba tunaiacha hisabati ya Codd nyuma. Lakini hata SQL, lugha ya kuulizia kanzidata hizi, huamuru kuundwa kwa jedwali, haiamuru kuundwa kwa uhusiano.

Limebaki moja ambalo hatujalimaliza. Katika mashine ya Linux wamo watumiaji, na mkubwa wao huitwa root. Katika kanzidata wamo pia wale wanaopewa haki, wanaomiliki majedwali na wanaoweza kuwa wanachama wa wenzao; tangu toleo la 8.1 la mwaka 2005 PostgreSQL iliwaunganisha watumiaji na vikundi kuwa kitu kimoja. Mswada unawaita wote 'mtumiaji', na wakubwa wa pande zote mbili 'mtumiaji mkuu'. Matokeo yake ni fundi anayedhani kwamba akiwa root amekuwa mkuu wa kanzidata. Kwa mipangilio ya kawaida ya Debian, root akijaribu kuingia kwa jina lake hukataliwa, kwa kuwa ndani hakuna mwenye jina hilo. Wala seva yenyewe haikubali kuendeshwa na root hata ikilazimishwa.

Ni lazima pawe na maneno mawili. Tumefikiria 'wadhifa', lakini wadhifa haumiliki jedwali. Anayemiliki ni mtu. Tumefikiria 'cheo', nacho kina ila hiyo hiyo. Kwa sasa tunaegemea 'mhusika', kwa sababu mhusika hutenda, humiliki na hupewa haki, na mtu mmoja mwenye damu na nyama aweza kuwa wahusika wawili katika kanzidata moja. Mkubwa wao basi atakuwa 'mhusika mkuu', na hapa wenzetu wa fasihi watatabasamu. Tatizo letu si tabasamu lao. Ni kwamba pindi 'uhusiano' ukiendelea kutumika mahali pa jedwali, kama wengine watakavyopenda, mhusika na uhusiano vitakutana katika sentensi moja na kumchanganya yule yule tuliyekuwa tukimwokoa. Wasomaji walio katika kazi hii, hasa wanaoifanya kwa Kiswahili siku zote na wana maneno yao ya kazini, watuandikie wanaloliita.